Tazama mmea unashikaje kabla ya kununua mche

Wauza miche wa Kampala watakuapia kila mmea wao "unapanda upesi". Wewe tazama unashikaje. Pasheni hushika kwa vijikamba vyembamba vinavyojisokota vikigusa kitu, basi utandazie waya au kamba nyembamba. Nguzo nene vijikamba haviwezi kuizungushia, na kwenye ukuta mtupu mmea utaanguka tu. Mimi nilifunga waya wa kuanikia nguo, mmea ukafunika uzio wote. Ila pasheni ya manjano ukipanda shina moja, utapata majani na maua bila matunda, kwa sababu inahitaji chavua ya shina jingine. Panda mbili, tena zisiwe vipandikizi vya mama mmoja! Ya zambarau hupenda baridi kama ya Kabale, kwenye milima ya kusini-magharibi mwa Uganda.