Taka sumu: namna ya kukadiria deni linalobaki baada ya lori kuondoka

Anza uani, si kwenye kompyuta. Mimi ni mhasibu wa karakana ya injini huku Changamwe, Mombasa, na kabla sijaandika tarakimu yoyote huzunguka na mtunza stoo tukisoma mapipa: oili chafu, matope ya matangi, betri zilizokufa, matambara yaliyolowa dizeli. Pipa ambalo maandishi yake yamefutika tunalitenga. Hilo litabidi lipimwe maabara kabla mtu hajakubali kulibeba, na gharama hiyo ni yetu.

Kisha fuata kila aina ya taka hadi inapolala. Kontrakta anayebeba taka ana leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya? Safari inaishia kwenye tanuri, kwenye mtambo wa kusafisha oili, au kwenye shimo la kufukia taka? Dai hati ya ufuatiliaji iliyopigwa muhuri na mpokeaji wa mwisho. Risiti inaonyesha umelipa tu. Haionyeshi taka imefika wapi.

Ukubwa wa hasara usiubuni, uupime kwa yaliyotokea. Sisi tuna mtaa wa Owino Uhuru hapa jirani, Mikindani. Kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kilifungwa mwaka 2014, madini ya risasi yakabaki kwenye udongo na kwenye damu za watoto. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikaithibitisha mwaka 2024. Miaka kumi nzima tangu kufungwa! Ndiyo maana makadirio ya miaka mitatu hayafai kitu.

Uwezekano wa kuvuja nao utegemee mahali. Sehemu kubwa ya ardhi yetu ya pwani ni mwamba wa matumbawe wenye nyufa, na watu wanakunywa maji ya visima. Shimo lisilo na tabaka la kuzuia maji, karibu na visima, mimi hulipangia asilimia kubwa ya uwezekano kuliko anavyopendekeza kontrakta.

Sasa hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano. Tuseme shimo la bei nafuu linakuokolea shilingi 240,000 kwa mwaka ukilinganisha na tanuri. Kwa miaka kumi, hata bila kupunguza thamani ya fedha za mbeleni, umeokoa milioni 2.4. Upande wa pili, kusafisha udongo kwa bei ya leo ni milioni 50, na unaona uwezekano wa asilimia 10 kwamba mwaka wa 15 utadaiwa. Gharama ikipanda asilimia 5 kila mwaka, itafika karibu milioni 104. Asilimia 10 yake ni milioni 10.4, irudishe kwenye thamani ya leo, yaani kiasi ambacho ukikiweka leo kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka kitafika hapo mwaka wa 15, unapata takriban milioni 2.5. Akiba yote imeliwa. Ukisahau kupandisha gharama, utapata milioni 1.2 na shimo litaonekana ni faida. Kosa hili nimeliona kwenye ripoti nyingi, na linaniuma, kwani wanaoishi jirani na shimo ndio hubeba tofauti.

Usiishie kwenye wastani huo wa milioni 2.5. Mpe mkurugenzi na ile milioni 104 yenyewe, kisha muulize kama kampuni itaihimili. Kwenye vitabu, kiwango cha uhasibu IAS 37 kinataka utenge fedha pale wajibu upo, malipo yanaelekea kutokea na kiasi kinakadirika. Ikiwa malipo yanawezekana tu, yaeleze kwenye maelezo ya hesabu.

Soma bima yako neno kwa neno. Bima nyingi za dhima, yaani za madhara unayowasababishia wengine, hulipa ajali ya ghafla na kuacha nje uchafuzi unaojipenyeza polepole. Na kontrakta muulize ametenga kiasi gani cha kulitunza shimo baada ya kulifunga. Akifilisika, mdai atamtafuta aliyetoa taka. Marekani sheria yao ya mwaka 1980 inawabana wazalishaji hata kama walishamkabidhi mwingine. Kontrakta asipokuwa na jibu la maandishi, mimi huongeza uwezekano wa kudaiwa mara mbili na kupiga hesabu upya.