Somo: Jinsi ya kufanya vijana wa kazini waandike wenyewe kwenye daftari la matukio

Wadau salaam. Mimi niko Kigoma, kazi yetu ni godauni na kupakia mizigo ya boti, saruji, unga, sabuni, mingine inashukia Kibirizi. Daftari la matukio utalikuta limening'inizwa kila godauni ila ndani jeupe. Sio kwamba mambo hayatokei, turubai linavuja, mifuko inalowa, na vijana wanayajadili vizuri tu kwenye kahawa, ila wakifika kwenye daftari kimya.

Hatua ya 1: Tenganisha daftari na posho. Hii ndio kubwa kuliko zote. Kama mfuko uliolowa unakatwa kwa aliyeandika nani ataandika sasa? Marekani ilishawakuta kwa marubani, mamlaka yao ya anga FAA ilianzisha mpango wa kuripoti mwaka 1975 ikaonekana marubani wataogopa maana anayepokea ripoti ndio huyo huyo wa kuwaadhibu, basi 1976 kupokea wakapewa NASA, shirika lao la anga za juu, ambao hawana rungu la kumpiga rubani, na majina wanayafuta. Mpaka leo mpango upo. Kwa hiyo na nyie anayesaini posho asikae na daftari, mpeni karani wa stoo.

Hatua ya 2: Fupisha. Mtu katoka kubeba saruji unampa fomu kurasa tatu?? Mistari mitatu inatosha, nini kimetokea, wapi, yeye anaona kifanyike nini. Asiyependa kalamu atume voisi WhatsApp, karani aandike kama alivyosema, akichanganya na Kiha acha hivyo hivyo.

Hatua ya 3: Msimamizi aanze kwa kusimulia tukio la kwake mwenyewe. Jumatatu kabla ya kazi, dakika chache tu, asigeuze kikao.

Hatua ya 4: Jibu. Weka safu ya mwisho "tumefanya nini". Kijana kaandika ubao wa kupandia boti umeoza, wiki ya pili anapita juu ya ubao ule ule, huyo umeshampoteza haandiki tena. Kama hela haipo andika haipo, ataelewa. Na mazuri yaandikwe pia, mfano aliyegundua saruji ikipangwa juu ya mbao hainyonyi unyevu wa sakafu.

Zawadi ya hela kwa kila anayeandika mimi siiungi mkono, utaletewa matukio ya kutunga.

MASWALI

Mdau wa Tabora: Mkuu sisi ni tumbaku, vijana ni wa msimu tu, wakiondoka si inakuwa bure?
Jibu: Hapo ndio linafaa zaidi kaka. Msimu ukianza wasomeeni wageni ya mwaka jana siku ya kwanza, kabla hawajagusa mzigo.

Dada wa Ujiji: Na kama mwenye mali ndio anataka majina ya walioandika?
Jibu: Dada yangu muonyeshe hasara ya mifuko na daftari jeupe kwa pamoja. Akikataa kabisa usianzishe, utawachoma vijana bure.

Mdau mwingine: Mtu akiumia, tukiandika humo imetosha?
Jibu: Hapana, ajali inaripotiwa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, sheria ipo tangu 2003. Daftari halichukui nafasi hiyo.

Mdau: Daftari gani?
Jibu: Kaunta buku tu, kwaya 2. Kalamu ifunge na kamba, zinaibiwa hizo.