Pilipili mbuzi kwenye ndoo: ninavyopanda uani kwangu Tabata

Mvua za masika zikikolea, gengeni kwetu pilipili mbuzi huuzwa moja moja, kama mayai. Mimi hupita na salamu zangu tu. Kando ya ukuta wa uani nina ndoo 14 za rangi, na kila moja ina mche wake.

Nilianza vibaya. Miche 12 ya kwanza niliiua yote, na haikufa kwa ukame wala wadudu. Niliimwagilia asubuhi na jioni, nikaijaza samadi ya kuku mbichi kutoka bandani, nikaiweka kwenye udongo mzito usiopitisha maji. Bibi mmoja wa jirani, Mzaramo, alikuja akaiangalia, akaniuliza: "Mjukuu wangu, hii miche umeipanda au umeitosa?" Yote nitakayoeleza hapa chini yametokana na swali hilo. Pilipili haipendi kukaa kwenye maji.

Hatua ya 1: Chagua pilipili utakayoila

Pilipili kichaa haisumbui kabisa. Hujiotea yenyewe chini ya miti na kando ya uzio, kwa sababu ndege hawahisi ukali wake. Shore huimeza nzima, kisha huzidondosha mbegu mahali pengine. Pilipili ndefu huzaa mapema na inafaa kwa anayejifunza. Pilipili mbuzi huchelewa na hudeka, lakini kwa harufu yake ndani ya kachumbari, au pembeni ya mihogo ya kukaanga, mimi sijaona ya kuilinganisha nayo. Maelezo haya ni ya pilipili mbuzi. Ukiiweza hiyo, hizo nyingine hazitakushinda.

Hatua ya 2: Pata mbegu

Nunua gengeni pilipili mbuzi mbili au tatu zilizoiva hadi kuwa nyekundu au za njano kabisa. Ya kijani mbegu zake hazijakomaa. Ipasue, kwangua mbegu kwa ncha ya kisu, zianike kwenye sahani kivulini siku nne au tano. Usizianike juani wala kwenye gazeti, zitang'ang'ania karatasi.

Ukali wenyewe haumo hasa ndani ya mbegu, umo kwenye ule utando mweupe unaozishikilia, na ndio utakaokung'ang'ania vidoleni. Zamani tulivaa mifuko ya rambo mikononi. Tangu Juni 2019 ilipopigwa marufuku, mimi hupaka mafuta ya kula kwanza. Ukimaliza, paka mafuta tena, sugua, ndipo uoshe kwa sabuni. Maji matupu hayaondoi ukali wa pilipili kwa sababu hauyeyuki kwenye maji. Wenye watoto wachanga wa kubeba wanielewe vizuri hapo.

Kuna wanaozitia mbegu majini na kutupa zinazoelea. Nimejaribu, na zilizoelea nyingine ziliota. Siku hizi nasia tu nyingi kuliko ninazohitaji.

Mbegu za pakiti kutoka duka la pembejeo ni nzuri pia, ila zikiwa chotara usitegemee kuzikamulia mbegu za msimu unaofuata. Watoto hawatafanana na mama.

Hatua ya 3: Sia kwa kuangalia majira

Mimi nasia mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, barazani, pasipofikiwa na mvua. Miche huwa tayari kuhama kipupwe kikiingia, jua likiwa limepoa. Huchanua Agosti na Septemba, na kufikia Oktoba nachuma. Ukisia Novemba, maua yatakutana na joto la Januari na Februari. Usiku ukiwa na joto kali, pilipili mbuzi hupukutisha maua yake yote bila kukuuliza. Mti hautakufa, ila utangoja sana.

Kata chupa za maji za nusu lita, zitoboe chini, jaza mboji iliyochekechwa na kuchanganywa na mchanga kidogo. Fukia mbegu mbili kwa kila chupa, kina cha nusu sentimita. Nyunyiza kwa mkono, usimwage kwa kopo. Joto la Dar linatosha kabisa, hakuna haja ya kufunika kwa nailoni. Pilipili ndefu huota kwa wiki moja hadi mbili, mbuzi inaweza kukuweka wiki tatu. Wengi hukata tamaa siku ya 12 na kumwaga udongo.

Mche ukilala chini ghafla, shina likiwa limenywea karibu na udongo, huo ni ugonjwa wa kinyaushi na hautibiki. Utoe, acha uso wa udongo ukauke kidogo, ipe miche iliyobaki hewa.

Hatua ya 4: Ndoo na udongo

Hapa ndipo kazi ilipo. Ndoo ya lita 20 kwa mche mmoja. Ya lita 10 itakupa pilipili, lakini mchana wa jua kali utakuwa mtumwa wake. Pasha msumari mnene moto, toboa matundu manane kwenye kitako na mengine manne ubavuni, karibu na chini. Ndoo ikae juu ya matofali mawili ili maji yatoke. Ndoo iliyokaa moja kwa moja kwenye sakafu huziba matundu yake yenyewe.

Udongo wa maeneo mengi ya mji wetu ni kichanga. Watu huulalamikia, lakini kwa pilipili ni bahati, kwa kuwa hauzuii maji. Upungufu wake ni chakula. Mimi nachanganya ndoo mbili za udongo, moja ya samadi ya ng'ombe iliyoiva na nusu ndoo ya makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kulowekwa usiku kucha. Makumbi hushika unyevu bila kutuamisha maji. Wauza nazi wa sokoni watakuachia uyabebe bure, tena watafurahi.

Samadi iliyoiva hainuki, haina joto ukiingiza mkono, na imekuwa nyeusi kama udongo. Ya kuku ni kali zaidi. Irundike, iloweshe, igeuze kila wiki kwa miezi miwili au mitatu kabla hujathubutu. Maranda mabichi ya mafundi seremala yaache. Yakioza hunyang'anya mche chakula chake.

Hatua ya 5: Hamisha

Mche ukiwa na majani halisi manne hadi sita, usihesabu yale mawili ya kwanza yaliyotoka kwenye mbegu, utoe barazani kidogo kidogo. Siku ya kwanza saa moja ya jua la asubuhi, ya pili saa mbili, mpaka wiki iishe. Hamisha jioni. Usivunje bonge la mizizi.

Ndoo iwe mahali panapopata jua la asubuhi mpaka saa saba au nane mchana, kisha kivuli. Vitabu vingi husema jua la kutwa, ila ukuta wa tofali uliopigwa jua mpaka saa kumi ni jiko. Ua likitokea mapema, mche ukiwa haujafika hata urefu wa kiganja, litoe.

Na weka wavu. Kuku wa jirani hula majani ya miche ya pilipili kama mchicha, halafu wewe ndiye unayeonekana mkorofi ukienda kulalamika.

Hatua ya 6: Maji

Ingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Ukihisi unyevu, ondoka. Pakavu, mwagilia asubuhi mpaka maji yatoke chini. Wakati wa kipupwe hiyo ni kila baada ya siku mbili au tatu. Joto likipanda ni kila siku, lita moja na nusu kwa mti mkubwa. Majani kulegea saa nane mchana si kilio cha maji. Yaangalie tena jioni. Yakisimama yenyewe, jua ndilo liliyachosha.

Bomba likikauka, mtaani kwetu tunategemea kisima, na maji yake yana chumvi. Utaijua kwa ukoko mweupe kwenye ukingo wa ndoo na ncha za majani zilizoungua. Kama huna njia nyingine, kinga mvua kwenye pipa, na kila wiki mbili mwaga maji baridi yasiyo na chumvi kwa wingi mpaka yatiririke chini na kuisafisha. Ndoo za namna hiyo usizitie majivu hata kidogo.

Hatua ya 7: Chakula na wadudu

Kila wiki tatu weka konzi mbili za samadi iliyoiva juu ya udongo. Mti ukiwa na majani mazuri ya kijani kizito na hauchanui, umeshiba kupita kiasi. Acha mbolea mwezi mzima.

Geuza majani uangalie chini. Vidukari na inzi weupe hukaa huko, na hao ndio wanaosambaza virusi. Kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, nyunyiza jioni upande wa chini wa majani, rudia kila baada ya siku tano mara tatu. Mwarobaini uliouponda na kuuloweka usiku kucha unasaidia pia, ukiwahi.

Majani machanga yakijikunja kuelekea chini na kukakamaa, ni utitiri, mdogo asiyeonekana kwa macho. Watu wengi hudhani ni ukosefu wa maji, wakaongeza maji. Kata vichomozi vilivyoharibika, nyunyiza salfa ya unga iliyochanganywa kwa kipimo cha kwenye pakiti, jioni, jua likishazama. Mti wenye mabaka ya njano na majani yaliyosinyaa bila mdudu yeyote ung'oe. Najua inauma.

Hatua ya 8: Kuchuma, na mti uliochoka

Tumia mkasi, acha kikonyo. Ukivuta utavunja tawi, maana matawi yake ni mepesi kukatika. Chuma zilizoiva mara kwa mara. Mti uliojaa pilipili zilizoiva hupunguza kuchanua.

Watu hung'oa baada ya msimu mmoja, lakini pilipili mbuzi huishi miaka kadhaa. Mwezi wa Machi, kabla masika hayajashika, mimi hukata matawi yote mpaka urefu wa goti, naweka samadi, nahamishia ndoo chini ya bati. Mti wangu mmoja una miaka mitatu. Ukishindwa kabisa, udongo wake usiutumie kwa nyanya, bilinganya wala pilipili nyingine, ni ukoo mmoja na magonjwa yao ni yale yale. Mimi huumwaga kwenye tuta la matembele.