Hanesi ya pointi sita: kupima, kufunga na kukaza kwenye gari la saketi

Hanesi ni mikanda ya usalama ya gari la mbio; ya pointi sita ina miwili ya mabega, miwili ya nyonga na miwili ya kinena, yote ikikutana kwenye bizimu moja. Wakinunua, wengi huanza na rangi na jina la kampuni, halafu fundi ndiye anatafuta pa kuifunga. Anza kinyume chake. Hanesi ya bei ghali iliyofungwa kwa pembe mbaya inaweza kukuvunja uti wa mgongo kwenye ajali ambayo mkanda wa kawaida ungekutoa salama. Mfano wetu hapa ni Subaru Impreza, kwa kuwa ndiyo iliyojaa kwenye otokrosi (mbio fupi za magari kwenye uwanja wa udongo) za Nairobi na Kampala, lakini vipimo ni vilevile ukiwa na Toyota Altezza au Mitsubishi Evo.

Vitu vitatu viwepo kabla ya hanesi

Siti ya baketi yenye matundu mawili ya mabega, matundu ya pembeni ya kupitisha mkanda wa nyonga, na tundu kwenye kikalio kwa mikanda ya kinena. Siti iliyokuja na gari haifai: haina tundu la kikalio, na mikanda ya mabega huteleza juu ya mgongo wa siti.

Keji, yaani fremu ya mabomba ya chuma ndani ya gari, iliyochomelewa au kufungwa kwa bolti ipasavyo. Hanesi inakubana wima. Gari likipinduka na paa likabonyea, mtu mwenye mkanda wa kawaida anaweza kuinama kando. Wewe huwezi, na kitakachopokea paa ni kichwa chako. Lile bomba moja linalofungwa kati ya nguzo za milango kwa bolti za mkanda wa zamani si keji, hata kama muuzaji analiita hivyo.

Cha tatu ni kifaa cha shingo cha aina ya HANS, kinachokaa mabegani chini ya mikanda na kushika helmeti kwa kamba. Mwili ukizuiwa kabisa, kichwa chenye helmeti kinaendelea mbele peke yake na shingo ndiyo inayobeba. Kama bajeti inatosha kimoja tu mwezi huu, baki na mkanda wa kawaida na usikimbize gari sana.

Hatua ya 1: Kuchagua

Tafuta lebo ya FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari) 8853-2016 iliyoshonwa kwenye mkanda wenyewe. Ukinunua ya SFI 16.1, kiwango cha Marekani, angalia tarehe ya kutengenezwa: baada ya miaka 2 inahesabika imekwisha. Za FIA huandikwa "Not valid after" na mwaka. Hapa ndipo soko letu la mitumba linapowaumiza watu: hanesi zinafika kutoka Japani au Uingereza kwa sababu kule zimeshapitwa na wakati. Nyuzi za mkanda hulegea kwa jua, na mkanda uliochoka hauonekani kwa macho. Za kopi nazo zina bizimu nzuri tu, ila lebo imebandikwa badala ya kushonwa, au hakuna namba kabisa. Ziache.

Upana: mikanda ya mabega ya inchi 3 ndiyo ya kawaida. Ya inchi 2 mabegani hutumika na HANS peke yake, kwa sababu inakaa vizuri kwenye mfereji wa kifaa hicho; bila HANS itakukata mabega. Nyonga, inchi 2 inakaa vizuri zaidi kwenye mfupa kuliko inchi 3.

Usinunue ya pointi nne ya kawaida. Bila mikanda ya kinena, mikanda ya mabega ikivutwa inapandisha bizimu tumboni, nyonga zinateleza chini ya mkanda, na mzigo wote unaangukia utumbo na ini. Ya pointi tano ina mkanda mmoja katikati. Inazuia hilo, ila sita inagawa mzigo kwenye mapaja mawili, na mwanamume yeyote aliyewahi kufunga breki za ghafla kwenye ya tano hahitaji maelezo zaidi.

Hatua ya 2: Kupima pembe

Dereva akae kwenye siti, mgongo umegusa kabisa, helmeti na HANS vimevaliwa. Mwenzake ndiye apime.

Mabega: toka kwenye tundu la siti, mkanda urudi nyuma ukiwa mlalo au ukishuka kidogo. Huhitaji kipimapembe. Kwa kila sentimita 50 za kurudi nyuma, kushuka sentimita 9 ni digrii 10; sentimita 18 ni digrii 20; sentimita 50 ni digrii 45. Lenga 10. Usipite 20 kama unavaa HANS. Kanuni za FIA zinaruhusu hadi 45, lakini huo ni ukomo, si lengo: kadiri mkanda unavyoshuka kwa mteremko mkali, ndivyo unavyokuvuta chini badala ya nyuma, na pingili za mgongo zinabanwa. Ndiyo maana kufunga mikanda ya mabega kwenye sakafu ya viti vya nyuma, au kwenye bolti za mikanda ya abiria, ni kosa kubwa. Isiwe pia na mteremko wa kurudi juu, maana itaning'inia na kuteleza begani.

Ukitazama kutoka juu, mikanda hiyo isipinde kuelekea ndani au nje zaidi ya digrii 20. Fupi ni bora kuliko ndefu, kwani mkanda wowote hurefuka ukivutwa, na ukiwa mrefu hurefuka zaidi.

Nyonga: toka sakafuni hadi kwenye mfupa, digrii 45 hadi 60 kutoka mlalo. Ukiwa mlalo zaidi ya hapo unapanda tumboni. Mikanda ya kinena ya pointi sita inafungwa nyuma kidogo ya mstari wa kifua ulioshushwa hadi sakafuni, kama digrii 20, isivutwe kwa mbele.

Hatua ya 3: Sehemu za kufungia

Bolti ziwe M12 daraja 8.8 (za milimita) au 7/16 UNF (za inchi, meno madogo). Matundu ya mikanda ya awali kwenye Impreza na magari mengi ya Kijapani ni ya 7/16, yenye kipenyo cha milimita 11.1 na meno 20 kwa inchi. M12 haiingii humo. Ikiingia kwa kulazimishwa, ujue imekata meno.

Kila tundu jipya sakafuni liwe na bati la chuma upande wa chini, angalau milimita 3 kwa unene na sentimita za mraba 40. Kipande cha sentimita 6.5 kwa 6.5 kinatosha. Zungusha pembe zake kwa grinda, la sivyo zitakata bati la sakafu kama kopo. Washa ya kawaida, kile kiduara cha chuma cha chini ya nati, haitoshi hata kidogo: sakafu ni nyembamba, na bolti itachomoka na duara la bati.

Mabano ya bolti yaachwe yazunguke kidogo na kufuata mwelekeo wa mvuto. Yakikazwa yakiwa yamepinda, utepe unajikusanya upande mmoja wa tundu lake na nguvu yake inapungua sana. Kama una ndoano za kubana kwenye jicho la bolti, weka pini ya kufunga kila mara.

Kwenye bomba la keji: pitisha mkanda kwenye slaida ya baa tatu (kibano cha chuma chenye fito tatu), zungusha bomba, rudisha kwenye slaida, kisha kunja ncha na kuipitisha mara ya pili. Slaida isogee karibu kabisa na bomba. Ncha ibaki sentimita 10 au zaidi. Ule mkunjo wa pili ndio watu wanausahau, na bila huo mkanda huchomoka polepole kwa kila breki. Kila mkanda wa bega uwe na mahali pake, na chomelea vizuizi vidogo pande zote ili usiteleze pembeni.

Hatua ya 4: Kukaza

Sukuma makalio hadi mwisho wa siti. Anza na nyonga: mkanda ukae chini ya mfupa unaochomoza mbele ya nyonga, bizimu chini ya kitovu, kisha vuta kwa nguvu zote pande zote mbili kwa usawa ili bizimu ibaki katikati. Huu ndio mkanda unaobeba kazi kubwa. Kinena kifuate, kikae sawa bila kuning'inia wala kuvuta bizimu chini. Mabega mwisho. Ukianza na mabega, bizimu inapanda, na hutaishusha tena hata uvute nyonga vipi.

Vuta mabega hadi uhisi kifua kimezuiliwa. Kidole kisipite kwa urahisi juu ya mfupa wa bega. Virekebishi viwe juu ya mbavu, mbali na bizimu na mbali na HANS. Ncha zilizobaki zikunjwe na kubanwa kwa velkro, zisiingie kwenye gia.

Ukiwa umefungwa hivyo, fika kwenye swichi ya kukata umeme, vuta kamba ya kizima moto, gusa kisu cha kukatia mkanda. Usipofika, sogeza vitu hivyo. Usilegeze mkanda. Kisha endesha raundi mbili na uvute tena, kwa sababu godoro la siti hubonyea na nguo hujipanga.

Matunzo

Vumbi la barabara za murramu ndilo adui wa bizimu ya kuzungusha. Lipulizie hewa ya kompresa baada ya kila tukio, bila oili, kwani oili inakusanya vumbi na kuwa matope. Mkanda wenyewe uoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ukaukie kivulini. Jiki, petroli na maji ya betri huua nyuzi. Tupa hanesi yote, si upande mmoja, ikiwa utepe umekatika hata milimita chache ukingoni, umechomwa na cheche za mchomeleaji, au gari limegonga kitu kwa nguvu ukiwa ndani yake.