Namna ya kupima kama stelingi anastahili mamilioni yake

Usianze na jasho la mtu. Wateja wangu hapa Nyalenda, Kisumu, huanzia hapo kila picha inapoisha na taa kuwashwa: stelingi, yaani mwigizaji mkuu, atalipwaje dola milioni 20, karibu shilingi bilioni 2.6 za Kenya, kwa kuigiza miezi michache, ilhali muuguzi anakesha wodini na mshahara umechelewa? Mkali wao ni Mwalimu, jirani yangu aliyestaafu kufundisha lakini hajastaafu kusahihisha watu. "Hakuna binadamu wa thamani hiyo," husema. Nami humjibu, "Mwalimu, kwa kipimo hicho utamfukuza hata mshambuliaji wa Arsenal unayempigia kelele Jumamosi." Hapo hunyamaza kidogo.

Mimi naendesha banda la video. Kila jioni lazima nibashiri ni picha gani itajaza mabenchi, kwa hiyo swali langu kwa stelingi ni moja tu: ni watu wangapi wamekuja ambao bila yeye wasingekuja? Pesa ya hao ndiyo kiwango chake. Kuigiza vizuri ni jambo jingine, na bidii ni jingine kabisa. Aliyebeba taa kutwa nzima huenda amechoka kuliko stelingi, ila hakuna aliyelipa kiingilio kwa ajili yake.

Tafuta kwanza bajeti ya filamu na mapato ya tiketi. Tovuti za Box Office Mojo na The Numbers huonyesha bure. Kisha yakate mapato hayo katikati, kwa sababu majumba ya sinema hubaki na takriban nusu. Kule China studio ya kigeni hupata kama robo tu. Bajeti inayotangazwa nayo kwa kawaida haina gharama ya matangazo, ambayo kwa filamu kubwa inaweza kufika dola milioni 100 au kupita. Ndiyo maana wenye biashara husema filamu iingize mara mbili hadi mbili na nusu ya bajeti yake ndipo ianze kupumua.

Joker ya 2019 inaonyesha hesabu hii vizuri kuliko filamu nyingine ninayoijua. Ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 60, ikaingiza zaidi ya bilioni 1. Joaquin Phoenix aliripotiwa kulipwa milioni 4.5, na mwaka uliofuata akabeba Oscar. Kata nusu: zaidi ya milioni 500 zimerudi. Hata ukitoa matangazo, mshahara wake hauonekani. Sasa njoo kwa sehemu ya pili, 2024. Stelingi yule yule, mwongozaji yule yule, Todd Phillips. Malipo ya Phoenix yanaripotiwa kupanda hadi milioni 20, bajeti ikafika karibu 200, na tiketi dunia nzima zikaleta kama 207. Nusu yake ni 103 na ushee. Hazilipi hata utengenezaji, na matangazo bado hujayagusa. Phoenix hakusahau kuigiza ndani ya miaka mitano. Alilipwa kwa ushindi wa jana, na wale waliojaa 2019 walikuwa wamefuata hadithi. Walipoambiana kwamba hii mpya ina nyimbo na mahakama, wengi walibaki nyumbani.

Ukimaliza hapo, mwondoe stelingi uone. Huwezi kuirudia filamu bila yeye, lakini Hollywood yenyewe hukufanyia jaribio kila inapobadilisha waigizaji. Katika Iron Man ya 2008, aliyeripotiwa kulipwa pesa nyingi kuliko wenzake ni Terrence Howard, dola milioni kadhaa. Robert Downey Jr., ambaye ndiye mwenye picha, alipata kama 500,000, maana miaka ya dawa za kulevya na jela ilikuwa imewatia watu wasiwasi juu yake. Sehemu ya pili, 2010, Howard hayupo. Nafasi yake kapewa Don Cheadle. Mapato yalipanda kutoka milioni 585 hivi hadi zaidi ya 620. Wateja wangu wengi hawakugundua hata kwamba mtu amebadilishwa. Downey naye, kufikia The Avengers ya 2012, aliripotiwa kuchukua kama milioni 50, na filamu ikaingiza zaidi ya bilioni 1.5. Mwalimu hulikataa hili, lakini nalisema: 2012 hakulipwa kupita kiasi. 2008 ndipo alipopunjwa.

Jaribio hili lifanye hata kwa unayempenda. Hapa Kisumu ukimtaja Lupita Nyong'o mjadala umekwisha. Ni wa nyumbani, na babake ndiye aliyeingia ofisi ya gavana 2017. Sawa, lakini pima. A Quiet Place: Day One ya 2024 iliwaacha nje Emily Blunt na John Krasinski, walioonekana katika sehemu mbili za kwanza, ikamweka Lupita mbele. Bajeti kama milioni 67, tiketi kama 261. Sehemu iliyotangulia ilikuwa imeleta karibu 297. Watu walipungua, lakini si sana. Ama Lupita aliziba pengo, ama jina la filamu linajiuza lenyewe. Nadhani yote mawili, ingawa watu wa mtaa wakiwa wamejaa mimi huongeza sauti upande wa Lupita.

Halafu uliza analipwa kwa mkataba gani, maana hapo ndipo magazeti huchanganya watu. Wavuvi wa Dunga hawahitaji kuelezwa: kugawana pesa ya samaki kabla ya kutoa petroli si sawa na kugawana baada. Forrest Gump ya 1994 iliingiza zaidi ya dola milioni 670. Tom Hanks alikuwa ameacha mshahara wa mwanzo akachukua asilimia ya mapato yenyewe, kabla ya petroli, na inaripotiwa aliondoka na milioni 40 au zaidi. Winston Groom, aliyeandika kitabu, aliahidiwa asilimia 3 ya faida halisi, yaani baada ya petroli. Studio ikamwambia kwamba kwa vitabu vyao vya hesabu filamu bado haijapata faida. Kwa hiyo ukisikia stelingi kapata milioni 40, jua kama alilipwa kabla hata kamera haijawashwa, au alikubali kulala njaa pamoja na wenye filamu iwapo ingeanguka. Huyu wa pili sina ugomvi naye hata kidogo.

Jambo la mwisho la kutazama ni siku tatu za kwanza, Ijumaa hadi Jumapili. Kwenye ubao wangu wa nje, zamani niliandika "JACKIE CHAN" kwa chaki nyeupe, bila jina la picha, na benchi zilijaa. Hakuna aliyeuliza hadithi ni ipi. Siku hizi vijana wa sekondari huuliza, "Spider-Man iko?" Wala hawajali kama ndani ya kile kinyago yumo Tobey Maguire, Andrew Garfield au Tom Holland. Hata hivyo, jina la stelingi bado huvuta watu Ijumaa. Kuanzia Jumapili ni midomo ya waliotazama inayoamua. Wanauchumi wawili, Arthur De Vany na David Walls, walipitia filamu zaidi ya 2,000, wakachapisha mwaka wa 1999 kwamba hakuna stelingi anayeweza kuhakikisha mafanikio. Kwa hiyo ukiona filamu ilianza na kishindo kisha ikaporomoka wiki ya pili, usimlaumu stelingi. Yeye kazi yake aliimaliza Ijumaa.

Njia hii yote inategemea tiketi, na Netflix haiuzi tiketi. Daniel Craig aliripotiwa kupewa kama dola milioni 100 kwa filamu mbili za kufuatia Knives Out, na watu wakashika vichwa. Ila katika pesa hizo mna ile asilimia ambayo angengoja kwenye majumba ya sinema, imenunuliwa mapema. Kwa filamu za namna hiyo weka kikokotoo kando, fanya lile jaribio la kumwondoa mtu peke yake, na usikubali Mwalimu akuletee takwimu ya filamu mbili kama vile ni ya moja.