SOMO: Namna ya kupita kona bila gari kukutoa nje

Wakuu, swali ni lile lile kila siku: "Mbona gari inanivuta nje kwenye kona?" Naandika mara moja; atakayeuliza tena mleteni hapa.

1. Pima upepo matairi yakiwa baridi.

2. Mikono miwili kwenye usukani, ubaki upande wako.

3. Punguza mwendo KABLA ya kona. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kanyaga breki gari ikiwa bado imenyooka, shusha gia hapo hapo, kisha ndipo ukunje. Mshiko wa tairi una kikomo: ukiumaliza kwenye breki, wa kukatia kona haubaki. Ukikanyaga ghafla katikati ya kona, uzito unahamia mbele, nyuma inakuwa nyepesi, gari inazunguka. Tena msidharau mwendo: kona uliyoipita kwa 40, ukiijia na 80 inadai mshiko mara 4, si mara 2. Kukiwa na maji au mchanga, mshiko wenyewe umeshapungua.

4. Macho yaangalie unakokwenda. Mwendo uwe wa kuweza kusimama ndani ya umbali unaouona.

5. Ndani ya kona, mafuta kidogo na kwa utulivu. Ongeza mafuta pale usukani unapoanza kunyooka.

MASWALI

– Yangu ina ABS, bado nipunguze?

Ndiyo. Soma namba 3. ABS ni mfumo wa breki unaozuia tairi zisijifunge ili usukani uendelee kutii. Haiongezi mshiko.

– Wazoefu mbona wanapita katikati ili kona inyooke?

Anayekuja humwoni. Hilo sifundishi.

– Mkuu, kuna kona zinaanza pana halafu zinabana. Nitazijuaje?

Swali zuri sana. Tazama mbele pale kingo mbili za barabara zinapoonekana kukutana. Pakizidi kwenda mbali, kona inafunguka. Pakikusogelea, inabana, usiongeze mafuta. Ukishaingia na mwendo na pua inateleza nje, achia mafuta taratibu, legeza usukani kidogo mpaka tairi za mbele zishike. Ikiteleza nyuma, peleka usukani upande ule ule nyuma inakokwenda, na usiguse breki.

– Nyongeza: mzigo mzito usipande kwenye keria, gari inapinduka kirahisi. Na mteremkoni msiweke gia huru.

Asante sana ndugu. Kwenye gia huru injini haizuii tena, kazi yote inabaki kwa breki, na zikichemka zinalegea.

– Lori likiwa mbele yangu?

Liachie nafasi. Tairi zake za nyuma hukata ndani kuliko za mbele, usijipenyeze ubavuni.