Jinsi ya kupapasa miguu ya farasi wa mbio asubuhi, kutoka kwa saisi mzee

Vijana wananiuliza sana hii kazi ya usaisi, yaani kutunza farasi, inaanzaje, nimeifanya miaka thelathini na kitu pale uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi. Kwanza ukiambiwa Racecourse usiende ile Race Course Road ya huko karibu na Kariokor, hapo jina limebaki tu, mbio zilihamia Ngong Road 1954. Panda matatu ya 111.

Fika saa kumi na moja asubuhi, giza bado. Kabla ya kitu kingine chungulia ndoo ya chakula ya farasi wako, farasi aliyesaza usiku ana shida mahali. Angalia na mavi pia. Ukiingia ingia ukiongea, hata kama ni upuzi wa mpira wa Gor na Ingwe, sababu akishtuka anarusha teke kwanza ndio anaangalia ni nani, na umwendee kwa bega la kushoto, huko ndiko amezoea kushikwa.

Sasa miguu, na hapa usiwe na haraka. Ya mbele ndiyo inabeba zaidi ya nusu ya uzito wake, na huyu mnyama anakaribia kilo 500 juu ya miguu myembamba hivyo. Kama amelala na bandeji zitoe kwanza, uende umpige brashi mwili kidogo ndio urudi, maana mguu uliofungwa usiku kucha una joto la bandeji na utakudanganya. Halafu chuchumaa, usipige magoti, akisonga ghafla utarukaje? Pitisha kiganja nyuma ya mguu, kutoka chini ya goti mpaka kwa kifundo, pole pole, ile kano inafaa kuwa baridi na imekazika kama waya wa seng'enge. Ukimaliza nenda mguu wa pili, urudi tena wa kwanza. Siri iko kwa kulinganisha, mmoja ukiwa na joto kushinda mwenzake hiyo ni habari kubwa hata kama anatembea sawa kabisa, na akivuta mguu ukibonyeza usibonyeze tena, mwite treina, yule anayemfundisha farasi, kabla hata tandiko halijatolewa.

Mimi kuna siku nilisikia kajoto kidogo nikanyamaza, nilikuwa nimechelewa na sikutaka maneno. Akaenda galopu, zile mbio za mazoezi, akarudi anachechemea, kano imetokeza nje kama upinde, akakaa karibu mwaka mzima bila kukimbia. Joki anayempanda hakunisema, treina ndiye alinisema, na alikuwa na haki. Siku za kwanza baada ya kuumia hivyo kazi ni kumwagia mguu maji baridi ya mpira, dakika 20, mara kadhaa kwa siku, na kungoja daktari.

Kwato ni rahisi, chokoa kutoka kisigino kwenda mbele, ukisikia harufu ya kuoza sema. Akitoka galopu mtembeze mpaka pumzi itulie.

Akianza kujiangalia tumbo, kuparua chini na kutaka kujibingirisha, toa chakula chote na upige simu kwa daktari saa hiyo hiyo, usimpe dawa yako ya kienyeji bana, farasi hawezi kutapika, kilichoingia kimeingia.

Halafu mikono yako, ipashe joto kwapani kabla ya kupapasa. Asubuhi ya Julai huko Ngong Road, ukitoka kushika ndoo ya maji, kila mguu utausikia uko moto.